Mimi nilikuwa mlinzi wa mlango

Swali lenu la wiki linasema: mwenzi wako akilazwa kwa muda mrefu, ulimfaa kwa lipi hasa? Najua wengi watajibu upendo na maombi. Sibishi. Ila mimi mume wangu nilimfaa zaidi kwa kukaa mlangoni na kuzuia watu.

Tulilazwa siku 33. Nasema tulilazwa, ingawa kitanda kilikuwa kimoja na faili lilikuwa na jina lake tu. Saratani ya damu, ile inayokuja ghafla. Tulianza kwa kudhani ni malaria, kisha fizi zikaanza kutoa damu kila akipiga mswaki.

Daktari alituhesabia kwa vidole: dawa moja itaingia kwa dripu usiku na mchana kwa siku 7, nyingine siku 3 za mwanzo tu. Hiyo ya pili ni nyekundu kama juisi ya rozela. Bahati nzuri alituonya kwamba mkojo nao utakuwa mwekundu kwa siku moja mbili, vinginevyo baba watoto angezimia chooni.

Nikajua siku 7 zikiisha tunarudi nyumbani. Kumbe ndiyo kwanza. Dawa ile haichagui. Inaua seli za saratani na inaua na zile nzima kwenye uboho wa mifupa, kwa hiyo wiki mbili tatu zinazofuata mtu anabaki karibu hana chembe nyeupe za kumlinda. Kikohozi ambacho kwako ni kikohozi tu, kwake kinaweza kuwa nimonia. Na hapo ndipo ukoo mzima ulipopata nauli ya kuja Dar.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, mnajua wenyewe. Mashemeji walitoka Morogoro na Noah imejaa, mfuko wa machungwa, na mtoto anayechuruzika makamasi. Wanakwaya kumi na wawili wakataka kumwekea mikono. Nikawaambia ombeeni hapa hapa kwenye korido, Mungu haulizwi saa za kuona wagonjwa. Wapo walionuna, na mpaka leo bado wamenuna.

Ila aliyenipa kazi ni mama mkwe. Alikuja na chupa ya maji ya majani ya mstafeli, ameiviringisha kwenye khanga. Nikasema, "Mama, naomba hii tumwonyeshe daktari kwanza, isije ikagombana na dawa." Akaniangalia. "Huyo kabla hajawa mume wako alikuwa tumboni mwangu." Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Chupa haikuingia.

Kilichoniokoa ni kuwapa watu kazi nyingine. Mgonjwa alihitaji kuongezewa damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Chembe sahani zinakaa benki ya damu siku 5 tu, na dozi moja ya mtu mzima inaweza kuhitaji damu ya wachangiaji wanne mpaka sita. Basi kila aliyepiga simu, "Mama, tunakuja kumwona mgonjwa," nilimuuliza: una kilo 50? Umetimiza miezi mitatu tangu uchangie mara ya mwisho? (Wanawake ni minne.) Haya, pitia benki ya damu. Katika watu wa Noah walichangia watano, wakarudi Morogoro vifua mbele. Machungwa nikawagawia walinzi.

Nisije nikajisifu bure. Usiku wa siku ya 12 alinipigia saa saba, anasema anatetemeka kwa baridi. Nikamwambia jifunike blanketi, asubuhi nakuja na chai ya tangawizi. Sikumwambia amwite nesi, na yeye hakumwita, hataki usumbufu. Walipompima, nyuzi 39. Nesi wa zamu alinivuta pembeni: "Mama, humu ndani homa haisubiri chai." Akitetemeka, au kipimajoto kikifika 38, ni kuita hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane, maana dawa za kuua bakteria zinatakiwa ziingie haraka. Baada ya hapo nililala simu iko kifuani.

Chakula sikukiweza. Uji wa ulezi aliokuwa akiupenda akasema una ladha ya sarafu. Nikabadilisha kijiko cha chuma nikaleta cha plastiki, ikawa afadhali kidogo. Ukwaju niliouchemsha nyumbani aliunywa. Kachumbari alizuiwa, na ndicho kitu pekee alichokuwa akikiota.

Siku moja asubuhi nikakuta masharubu yake yako kwenye foronya. Masharubu yale yana umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Nikayakusanya kwa kiganja, nikabaki nimeyashika sijui niyaweke wapi, naye ananitazama. Akasema, "Yanga wamecheza jana?" Mimi na mpira wapi na wapi, lakini kuanzia siku hiyo nilikuwa nakariri matokeo kwenye daladala, nani kafunga, dakika ya ngapi, ili tukikaa tuwe na la kuzungumza ambalo si damu. Habari ya pesa nairuka. Waliopitia wanaijua.

Wiki ya nne chembe nyeupe zikaanza kupanda, daktari akaruhusu mgeni mmoja. Nilimpigia mama mkwe. Alikuja amevaa barakoa, akanawa mikono mara mbili bila kuambiwa, akaingia, na mimi kwa mara ya kwanza nikabaki nje.

Ile chupa alikuwa ameiacha kwa mlinzi getini. Wakati wa kuondoka nilimwona akiichukua, akaikagua kama imepungua, akaiviringisha tena kwenye khanga.