Mwanangu, kuhusu ile m(x) yako

Mwanangu mpenzi, voisi yako nimeisikiliza. Unauliza kwa nini masi ikiwa inabadilika sehemu na sehemu huwezi tu kuandika m(x) kwenye ikwesheni ya Schrödinger (ile ya kwanta inayotoa wimbi la chembe na nishati zake) ukaendelea kama kawa, na kama kweli zipo za hivyo zinazotatulika kwa kalamu bila kompyuta.

Kwanza hiyo masi ipo kweli. Elektroni ndani ya galiamu asenaidi inatembea kama vile ina 0.067 tu ya masi yake, ukichanganya alumini asilimia 30 inapanda karibu 0.092, na leza za semikondakta zinajengwa kwa tabaka za hivyo.

Shida iko kwenye momentamu, maana ni derivetivu, na derivetivu inaigusa m(x) pia. Ukiiacha 1/m nje upande wa kushoto wa derivetivu zote mbili, opereta ya nishati haiwi tena Hermitiani (sifa inayolinda jumla ya probabiliti), probabiliti inavuja, elektroni inapotea na hakuna aliyeichukua. Wanafizikia BenDaniel na Duke 1966 waliweka 1/m katikati ya derivetivu mbili, kwahiyo mpakani mwa tabaka kisichokatika ni ψ (wimbi la elektroni) na ψ′/m (ψ′ ni derivetivu yake), sio ψ′ peke yake, hapo shika sana mwanangu. Von Roos 1983 aliandika familia nzima ya mipangilio ya kuweka m kati ya derivetivu, we anza na huu.

Sasa utamu wenyewe. Chukua m = m₀/(1+x²)², m₀ ikiwa masi isiyobadilika, potenshali (nishati inayotokana na mahali) sifuri, hakuna ukuta popote. Weka u = arctan x, yaani umbali unaupima kwa kujumlisha mzizi wa m/m₀, alafu ψ igawe kwa mzizi wa nne wa m/m₀. Mstari wote usio na mwisho unaingia kati ya −π/2 na π/2, masi inarudi kuwa m₀ ileile kila mahali, na inazaliwa potenshali 1+2tan²u, ndugu wa zile za wanafizikia Pöschl na Teller za 1933, zinazotatulika kwa kalamu. Kwa kipimo cha ħ²/2m₀ (ħ ni konstanti ya Planck ukiigawa kwa 2π) nishati ni (n+2)²−1, n ikianzia 0, yaani 3, 8, 15, 24 na kuendelea. Hakuna kilichoifunga elektroni na bado ina ngazi za nishati zilizoachana!

Usiniamini mimi, chukua ψ = (1+x²)^(−3/2), difarenshieti, zidisha kwa (1+x²)², difarenshieti tena, geuza alama, itatoka 3ψ safi kabisa. Ukimaliza jaribu m₀/(1+x²), hapo u ni arcsinh x na haina kikomo, mi nimepata ngazi zote zimepotea, nishati inaanzia 1/4 na kupanda bila mapengo, we nitumie uliyopata.

Mama