Wana njaa lakini hawaingii: jikoni kwetu tunakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Bukavu, sasa naishi Winnipeg, Kanada. Kila Jumamosi kanisa letu huwapikia watu wanaolala nje, na wengi wao ni wenyeji wa asili wa nchi hii. Tunapika wali, maharage na kuku wa kutosha, lakini wapo wanaobaki nje kwenye baridi, na wanaoingia hula nusu sahani. Juzi mzee mmoja alituletea mguu mzima wa musi (moose), mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, nyama ya kuwinda. Kamati ikaogopa, ikaukataa. Tulifanya sawa? Na wenye kisukari tuwapikie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na swali lako ningependa kila jiko la kujitolea lijiulize. Ngoja nianze na mlango wenu kabla ya sufuria. Kabla ya kula, watu hupanga foleni? Husali kwanza? Kuna mtu mwenye daftari anayeandika majina?

Nauliza kwa sababu hii. Katika sensa ya 2021 wenyeji wa asili, yaani Mataifa ya Kwanza, Wamétis na Wainuit, walikuwa asilimia 5 ya watu wa Kanada. Lakini wakihesabiwa wasio na makazi, wao hukaribia theluthi moja nchi nzima, na hapo Winnipeg ni zaidi ya nusu. Wengi wao wametoka katika familia zilizopitishwa shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Watoto zaidi ya 150,000 walipelekwa huko, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Chakula kilikuwa kidogo na kibovu, na sala ilikuwa ya lazima.

Fani yangu nayo ina deni. Mwaka 1942 watafiti wa lishe walikuta watu wenye utapiamlo katika jamii za Wacree, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, kaskazini mwa Manitoba, mkoa wenu huo huo. Kati ya watu 300, 125 walipewa vitamini, na waliosalia wakaachwa hivyo hivyo ili walinganishwe na wenzao. Baadaye majaribio ya namna hiyo yakaingizwa katika shule sita za bweni, kwa watoto waliokuwa wanashinda na njaa, yakaendelea hadi 1952. Mwanahistoria Ian Mosby ndiye aliyeyaweka hadharani mwaka 2013.

Sasa mchukue mzee aliyelelewa humo. Anafika kwenu, anakuta jengo la kanisa, foleni, sala kabla ya sahani, na mtu mwenye kalamu. Akibaki nje, usidhani ni kiburi. Ibada wekeni saa yake na chakula saa yake, anayetaka kusali akaribishwe baada ya kula. Majina acheni kuandika. Hesabuni sahani, inatosha kwa ripoti. Na asiyetaka kuingia apelekewe chakula pale pale alipo. Najua kamati itasema huo ni ugeuzaji wa utaratibu. Waambie mimi pia ni mtu wa kanisa, na nimeona ukumbi wa chakula ukijaa watu walipoacha kushurutishwa.

Nusu sahani ina sababu nyepesi zaidi. Nilipoanza kugawa chakula mitaani, nilimpa bwana mmoja tofaa jekundu zuri. Akalipokea, akaligeuza mkononi, akanirudishia, kisha akafungua mdomo nione. Meno yalikuwa matatu. Tangu siku hiyo mboga zangu huiva hadi zilainike, na kuku hutoka mfupani kabla ya kugawiwa. Maziwa pia yapunguzeni kwenye supu, maana matumbo ya wengi wao hayayapokei, na mtu asiye na choo cha uhakika hawezi kujaribu bahati. Chakula cha kubeba kiwe cha kuliwa hivyo hivyo. Mchele mbichi, au kopo lisilo na kifunguo, ni mzigo tu kwa mtu asiye na jiko.

Kuhusu musi: kuogopa mlikuwa na haki, kukataa papo hapo mlikosea. Nyama ya kuwinda haikupita mbele ya mkaguzi wa machinjioni, kwa hiyo kanuni za majiko ya umma zinaibana, na kila mkoa una zake. Pigeni simu kwa mkaguzi wa afya wa eneo lenu, mwulizeni masharti ya kupokea nyama iliyotolewa bure, na jibu mlihifadhi kwa maandishi. Inawezekana: hospitali ya Meno Ya Win, Sioux Lookout, kaskazini mwa Ontario, hupikia wagonjwa nyama za porini chini ya mpango wake uitwao Miichim.

Mkiruhusiwa, andikeni nani aliwinda, wapi na lini. Sehemu risasi ilipopita ikatwe kwa upana na itupwe, kwa kuwa chembe za risasi husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Ubongo na uti wa mgongo msivitumie, kwani ugonjwa wa kudhoofika wa jamii ya kulungu ulithibitishwa Manitoba mwaka 2021. Mwulizeni mkaguzi kama mnyama anatoka eneo linalotakiwa kupimwa. Nyama ikae kwenye friji chini ya nyuzi 4, mbali na kuku wenu, ichemke hadi katikati ifike nyuzi 74, na ikisubiri kugawiwa isishuke chini ya 60. Mkiletewa dubu, kuweni wakali zaidi: minyoo ya trikinela ya kaskazini haifi kwa kugandishwa, hufa kwa moto tu.

Na kisukari. Kwa Mataifa ya Kwanza ugonjwa huu ni mara kadhaa ya Wakanada wengine, kwa hiyo chukulieni kwamba kila Jumamosi yupo mwenye nao. Sufuria ya pekee haihitajiki. Maharage na nyama viongezeni, wali upungue kidogo, soda iwe maji au chai isiyo na sukari. Kinachowaumiza zaidi ni saa. Mtu akichoma insulini asubuhi akitegemea chakula cha saa sita, nanyi mkafungua saa nane, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Bandikeni saa mlangoni na muishike.

Hapa nisikilize sana. Mtu akitetemeka, akitoka jasho kwenye baridi, maneno yakimchanganya, wengi husema amelewa na kumtoa nje. Huenda ni sukari iliyoshuka. Akiwa anaweza kumeza, mpeni nusu kikombe cha juisi yenye sukari, msubiri dakika 15, na kama bado, mrudie. Akishindwa kumeza au akizimia, msimtie kitu mdomoni, piga 911. Juisi ya dharura ikae karibu na mlango, isifungiwe stoo.

Mwisho, mtafuteni yule mzee. Mtu asiye na nyumba, au mwenye jamaa zake nje, akileta mguu wa musi amewaletea chakula alichokulia, na mlimrudisha nacho. Kama hamjui pa kuanzia, kituo cha urafiki cha wenyeji wa asili kipo mjini hapo tangu 1959, waulizeni. Mkienda kwa mzee bebeni tumbaku kidogo, ndiyo desturi ya kumwomba mzee wa Kicree au Kianishinaabe jambo. Mwombeni radhi kwanza. Kisha mwulizeni kwao nyama hiyo hupikwaje, na kama atakubali kusimama jikoni nanyi Jumamosi moja.