Malelezi Yakiingia, Soma Maji Kwanza

Upepo wa kusi umelegea. Tangu Juni mpaka Agosti tulikuwa tukisimama mwambani shati limejaa upepo kama tanga, mshipi umepinda, hata hujui kama ni samaki anayevuta au ni wimbi. Sasa ni Oktoba, tumo kwenye malelezi, yale majuma machache kati ya kusi kufa na kaskazi kushika, na asubuhi bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria. Kila mwaka wakati huu vijana wa mtaani huniuliza, "Samaki wako wapi sasa?" Nami huwauliza: maji je, yako wapi?

Miaka mingi nilivua kwa kufuata nafasi yangu. Jumapili sina kazi, basi Jumapili nachukua ndoo na mshipi naenda hori ya Tudor, hapa Mombasa. Siku nyingine nilirudi na chaa wawili, siku nyingine ndoo kavu, na nikaamini kwamba samaki wamekwisha. Mzee mmoja jirani yetu, mvuvi tangu utoto wake, alikuwa akiniona nikipita barazani kwake. Siku moja nilipomwamkia shikamoo, aliitikia kisha akaniambia, "Mwanangu, bahari haina Jumapili. Ina bamvua na maji mafu. Wewe wataka samaki ama wataka kupunga upepo?" Nikakaa chini nimsikilize, na karibu yote ninayoandika hapa yalianzia kwenye baraza ile.

Bamvua, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye ndipo linapokuwa kubwa kabisa. Hapa kwetu siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Na wazee wanalijua jambo hili bila kufungua jedwali lolote: bamvua la Mombasa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Maji mafu ni kinyume chake. Hujaa mnamo saa nne, hupwa mnamo saa kumi, na mwendo wake ni mdogo, haufiki hata nusu ya ule wa bamvua. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini litakupa dakika kamili, lakini ukishika hizo saa kumi na saa nne, hutapotea.

Kwa mvuvi wa malelezi, maana yake ni kwamba bamvua linakupa maji ya kutoka alfajiri, jua halijachomoza, bahari imetulia, umande unapuliza kidogo kutoka bara. Nimejaribu saa zote za mwaka. Sijaona iliyo bora kuliko hiyo.

Chukua Tudor yenyewe. Usiku maji yalipojaa, kamba na vidagaa waliingia ndani ya mikoko kutafuta chakula. Maji yakianza kutoka, nao hawana budi kutoka, na njia zao ni vile vijito vyembamba vinavyochuruzika kati ya mizizi. Kolekole na mzia wadogo wanalijua hilo, huja kungoja kwenye mdomo wa kijito. Basi nawe nenda hapo, ila usisimame katikati ya mdomo. Simama pembeni, tupa upande maji yanakotoka, uache mkondo wenyewe ukuchukulie chambo mpaka pale maji yanayokimbia yanapopakana na yaliyotulia. Mahali hapo huonekana: pana ukanda mwembamba wa povu, na majani ya mikoko yanazunguka polepole badala ya kwenda. Samaki hukaa upande uliotulia, uso wake umeelekea mkondo, ili asichoke. Chambo kikivuka ule ukanda, shika mshipi juu ya kidole cha shahada na usivute chochote mpaka usikie. Kolekole hapigi mara mbili, huondoka nao moja kwa moja. Changu hugonga, gonga, kisha hutulia. Ngoja ule mvuto wa tatu.

Saa moja asubuhi mkondo wa bamvua huwa mkali mno, chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, haligusi chini. Usipigane nao. Pumzika, kunywa kahawa, urudi saa tatu maji yakikaribia kusimama.

Hayo yote ni maji yakiwa safi. Malelezi ya Oktoba na Novemba yana vuli ndani yake, na mvua ikinyesha huko Rabai, mto Kombeni huteremsha udongo mpaka Tudor, maji yakawa kama chai ya maziwa. Hapo watu wengi hurudi nyumbani. Mimi hupima kwanza: nafunga kipande cha ngisi mweupe, nakishusha taratibu kandoni mwa jiwe. Kikionekana mpaka pima moja, natumia mshipi mwembamba na ndoana ndogo, nakaa kimya, na kivuli changu sikiachi kianguke majini. Kikipotea kabla ya mkono mmoja, nageuza kila kitu. Siendi tena maji yakitoka, maana ndiyo yanayobeba udongo. Nangoja maji yakijaa, yanayoleta maji safi ya bahari kuu, na nasogea karibu na mlango wa bahari. Maji ya mvua ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo hata pale juu panapotisha, chini huwa na nafuu. Chubwi zito, chambo chenye harufu kama kamba aliyemenywa, na subira.

Kuhusu chubwi, matumbawe yetu hula mishipi. Lifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa, uzi utakatika, utapoteza chubwi peke yake na ndoana itarudi. Plagi kuukuu ya gari inatosha kabisa, wala haina uchungu ikipotea.

Jambo moja naliomba sana, hasa kwa wanaokwenda na watoto. Tafi atakuja kwenye chambo cha mwani au donge la unga, ni samaki mtamu, lakini miiba yake ina sumu. Mwaka fulani mwanangu alimshika kwa mkono mtupu kabla sijamfikia. Alilia mpaka nikahisi mimi ndiye niliyechomwa. Kilichomsaidia ni kutia mkono ndani ya maji ya moto, ya moto kadiri anavyoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa zaidi ya nusu saa. Joto huivunja sumu ile. Tangu siku hiyo sitoki bila chupa ya maji ya moto na kitambaa kinene cha kumshikia tafi.

Changu asiyefika urefu wa kiganja mrudishe, uloweshe mkono wako kwanza kabla ya kumshika. Na ukivuka upande wa Nyali, ulizia mipaka ya hifadhi ya bahari, kwa sababu ndani ya mbuga yenyewe hairuhusiwi kuvua kabisa.

Mwezi unaandama juma lijalo. Siku ya pili yake, saa kumi na moja alfajiri, nitakuwa Tudor kwenye mdomo wa kijito kile cha pili, panapoota mkoko ulioinama. Ngisi nimeshamweka kwenye barafu. Anayetaka kuja aje na viatu vya kukanyagia chaza, na taa aizime tukikaribia maji.