Klorini haikuwa peke yake: ngozi yangu na bwawa la kuogelea katika baridi ya Mbeya

Mwaka jana mwezi wa sita miguu yangu ilipauka hadi nikawa naenda kanisani na soksi ndefu. Ukipitisha ukucha kwenye muundi, mstari mweupe unabaki kama umeandika kwa chaki. Mchana nilivumilia. Usiku ndio ulikuwa mtihani, maana nikishajifunika blanketi na mwili ukapata joto, mwasho unaanzia kiunoni pale vazi la kuogelea linapobana, unashuka mapajani, unatulia nyuma ya magoti. Nilikuwa najikuna usingizini na asubuhi nakuta alama za damu kwenye shuka.

Nilikuwa nimeanza kuogelea mara tatu kwa wiki kwa ajili ya goti. Daktari aliniambia niache kukimbia kwenye vilima vyetu vya Mbeya, niingie majini. Goti lilipata nafuu kweli, lakini ngozi ikaharibika. Nikailaumu klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bwawa, nikakaribia kabisa kuacha kuogelea.

Aliyenifungua macho ni mama yangu, alipokuja kunitembelea kutoka Tukuyu. Siku hiyo nimerudi kutoka bwawani natetemeka, nikachemsha maji, nikayamimina kwenye ndoo mvuke ukijaa bafu zima. Mama akapita mlangoni, akasimama. "Mwanangu, hayo maji ni ya kuoga au ya kunyonyolea kuku?"

Nilimjibu kwamba baridi imeniingia, Mama. Akaingia, akachovya vidole, akavitoa upesi. Akaliona na dodoki langu gumu, na kipande cha sabuni ya mche nilichokuwa nakitumia kuondoa harufu ya klorini. Akasema tu, "Kuku akishamwagiwa haya, manyoya yote yanatoka. Wewe unadhani ngozi yako itabaki na nini?"

Alisema kweli. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji ya mwilini yasipotee hewani. Klorini inayapunguza mafuta hayo, hilo halina ubishi. Lakini mimi nilikuwa nikitoka bwawani namalizia kilichobaki: maji ya moto yanayeyusha, sabuni kali inabeba, dodoki linakwangua. Halafu natoka nje kwenye upepo wa Juni. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni haba sana, hewa ni kavu na usiku baridi ni kali. Wenzetu wa Iringa, Njombe na Makete wanaijua hali hii vizuri. Mtu anayeogelea Dar es Salaam anatoka majini na kukutana na hewa yenye unyevunyevu. Sisi tunatoka na kukutana na upepo unaokausha nguo nene kwenye kamba.

Basi nikabadilisha mambo, na nitayaeleza kama ninavyoyafanya mpaka leo.

Kabla ya kuingia majini naoga kwanza, mwili mzima, na nywele nazilowesha. Wengi wanaliruka hili kwa sababu maji ya bomba la pale bwawani ni ya baridi. Nakuomba usiliruke. Ile harufu kali inayochoma pua na macho, ambayo tunasema "klorini imezidi", mara nyingi si klorini tupu. Ni klorini iliyokutana na jasho, mkojo na mafuta ya kwenye miili yetu ikageuka kuwa kloramini, na hiyo kloramini ndiyo inayowasha zaidi. Kila anayeingia bila kuoga anaiongeza. Watoto nao wapelekwe chooni kwanza. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimewaona wazazi wakicheka mtoto anapojikojolea majini.

Nikishaoga napaka mafuta ya mgando, kidogo sana, sehemu chache tu: kingo za vazi, viwiko, nyuma ya magoti. Usijipake mwili mzima ukang'aa, maana mafuta yataishia kuelea kwenye maji ya wenzako. Kama una kidonda au ngozi imepasuka hadi inatoa majimaji, subiri ipone kwanza.

Na lichunguze bwawa lenyewe. Maji yawe angavu kiasi kwamba unaiona sakafu hata upande wa kina kirefu. Kuta zisiteleze kwa ute. Muulize mtunza bwawa, kwa heshima tu, kwamba kaka, leo mmepima maji? Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika, na pH anayotafuta, yaani kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, ni kati ya 7.2 na 7.8. Ikienda nje ya hapo, ngozi na macho vinapata taabu hata kama klorini ni kidogo. Bwawa nililokuwa nalitumia mwanzo, nilipouliza swali hilo nilifokewa. Nikahama.

Ukitoka majini, dakika chache zinazofuata ndizo zinazoamua. Usikae kwenye kiti na vazi bichi ukipiga soga huku klorini inakauka mwilini. Nenda kajisuuze papo hapo. Maji yawe vuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga bila wasiwasi. Sabuni iwe laini isiyo na manukato, na iishie kwapani, sehemu za siri na miguuni. Kwingine maji yanatosha. Dodoki pumzisha kabisa. Baridi ikikusumbua, dawa yake ni sweta na chai ya tangawizi kwenye chupa, si ndoo ya maji ya moto.

Kisha jifute kwa kugandamiza taulo, usisugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika kama tatu, paka. Mimi napaka losheni nzito isiyo na harufu, halafu juu yake mafuta ya mgando kwenye miundi na viwiko. Gliserini nayo ni nzuri, ila wengi tunaikosea kwa kuipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka. Gliserini kazi yake ni kuvuta maji. Kama ngozi haina unyevu na hewa ni kavu, itayavuta kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ipake kwenye ngozi mbichi, kisha uifunike na mafuta. Kopo la mafuta ya mgando la bei ndogo kutoka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, likipakwa wakati wake, limenisaidia kuliko losheni ya gharama niliyokuwa naipaka baada ya kufika nyumbani.

Vazi nalo lisuuze kwa maji safi siku hiyohiyo, maana klorini iliyobaki kwenye kitambaa itakuwasha ukilivaa tena.

Jua usilidharau kwa sababu kuna baridi. Kwenye miinuko kama hii miale inaunguza hata kama huhisi joto. Ukiogelea mchana, paka losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi, isiyotoka upesi kwa maji, na uirudie.

Sasa jambo linaloniuma. Kabla Mama hajaja, nilikwenda duka moja la dawa. Nilihudumiwa bila mtu kuangalia ngozi yangu, nikapewa krimu. Siku ya tatu mwasho ukaisha, nikafurahi, nikaendelea kuipaka kwa wiki kadhaa. Nilipoacha, vipele vilirudi kwa nguvu, na ngozi nyuma ya goti ilikuwa imekonda hadi mishipa inaonekana. Daktari wa ngozi aliposoma kitubu aliniambia ni steroidi kali. Dawa hizo zina kazi yake, kwa muda mfupi na kwa maelekezo, lakini si za kujipaka kila siku kama mafuta. Na kama tatizo ni fangasi, steroidi inatuliza mwasho huku fangasi wanaenea.

Kwa hiyo ukiona mabaka ya duara yanayopanuka, vipele vyenye usaha, majimaji, au mwasho usiopungua baada ya wiki mbili za kutunza ngozi hivi, nenda hospitali ukaangaliwe. Mtoto mwenye pumu ya ngozi si lazima anyimwe kuogelea. Muulize daktari wake, mpake mafuta kabla, mpunguzie muda wa kukaa majini, na uwe na taulo mkononi anapotoka.

Mimi bado naogelea Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kwenye begi langu mna chupa ya chai, sweta, na kopo la mafuta nimeliweka juu kabisa ili nisilitafute.