Fundi anajibu: HiAce ya petroli au ya dizeli, ipi itapita kipimo cha moshi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nataka kuagiza HiAce ya mtumba kutoka Japani, ya 2008, nimebaki na mbili za kuchagua, moja petroli ya 2.0 nyingine dizeli ya 3.0. Ninakoisajilia wanataka kujua gari ni Euro ngapi lakini kwenye makaratasi yote mawili sioni Euro popote. Nichukue ipi? Na kuna jamaa ananiambia nikichukua dizeli nitoe ile filta ya eksosi gari inakuwa na nguvu zaidi, ni kweli?

JIBU: Salama ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujatuma hela, wengi wanauliza gari ishafika bandarini.

Euro huioni kwa sababu hicho ni kiwango cha moshi cha Ulaya, Japani wana viwango vyao wenyewe. Shika cheti cha Kijapani utafute namba ya modeli, angalia herufi zilizo kabla ya kistari. Petroli ya namna hiyo mara nyingi utakuta CBF-TRH200V, dizeli ADF-KDH201V. Zile tatu za mwanzo ndo habari ya moshi yenyewe: A maana yake gari imetimiza kiwango cha Japani cha 2005 basi, C imekitimiza na ikapunguza gesi chafu kwa nusu nyingine, B ni petroli, D dizeli, na F inakwambia ni gari ya mizigo. Ila usiende kwenye usajili ukasema C ndo Euro 4, maana Wajapani na Wazungu hawapimi gari kwa mwendo mmoja, anayeamua ni ofisi inayosajili. Waulize kwa maandishi, gari isiyo na Euro kwenye karatasi wanaipanga kwa mwaka, kwa barua ya kiwanda au kwa kuipima, wakishakujibu ndo ulipe.

Kwenye kuchagua mi nasema petroli. London kwa mfano, ili isilipe tozo ya moshi van ya petroli inatakiwa Euro 4, ya dizeli inatakiwa Euro 6, wenye dizeli wanaona wameonewa lakini tazama namba: kwa magari madogo ya abiria petroli ya Euro 4 mwisho wake ni gramu 0.08 za oksidi za naitrojeni kwa kilomita, dizeli ya Euro 4 iliruhusiwa 0.25, ikaja kubanwa hadi 0.08 kwenye Euro 6. Van zina viwango vyake vya juu kidogo ila hadithi ni ileile. Dizeli ya 2008 huwezi kuifikisha huko kwa servisi.

Halafu kuna mafuta. Dizeli ya Japani salfa yake haizidi sehemu 10 kwa milioni na injini ya 2008 ilitengenezwa ikitegemea hiyo, ukiijaza dizeli yenye salfa nyingi katalisti, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye eksosi, inachoka na filta inajaa upesi. Filta ili ichome masizi inataka joto la kama nyuzi 600, sasa wewe ukiwa mtu wa safari fupifupi, washa zima washa zima, haifiki kabisa. Kama unabeba mzigo mzito safari ndefu na dizeli safi ipo, hapo dizeli naielewa, inavuta vizuri na inakula kidogo.

Kuhusu kuitoa filta, usithubutu. Yale masizi ndo wanayavuta wanaokaa pembeni ya barabara na watoto wao, na kwenye ukaguzi wakichungulia wakakuta kopo tupu gari imefeli hata kama moshi hauonekani.

Petroli yenyewe usihangaike na ile ya bei ya juu, regula, yaani petroli ya kawaida ya Japani, oktani yake inaanzia 89 na hiyo 2.0 imetengenezwa kwa regula. Cha kuchunga ni ethanoli, ile alkoholi inayochanganywa kwenye petroli, magari yao ya miaka hiyo yaliruhusiwa asilimia 3 tu, kwa hiyo petroli yenye asilimia 10 iache mpaka kiwanda kiseme inafaa, inakula mipira ya mafuta.

Muombe muuzaji picha ya chini ya gari, uone katalisti ipo na haijachomelewa. Ikifika badilisha plagi, filta ya hewa na oili, na siku ya kupima iendeshe mpaka injini ichemke vizuri, katalisti ya baridi haisafishi kitu. Wakikuandikia kaboni monoksidi iko juu anza na sensa ya oksijeni, ikiwa mafuta yasiyoungua ndo mengi, angalia plagi na koili kwanza.