Darasa la usajili lipimwe mwaka wa tano, na drafti ya NFL isiwe mzani

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza hivi: kila Februari (siku hizi ni Desemba zaidi) mashabiki wa vyuo vya Marekani wanatamba kwamba chuo chao kimeshika namba moja kwa kusajili vijana wa futiboli ya Kimarekani, halafu miaka mitatu baadaye timu hiyohiyo inapigwa na vyuo ambavyo hata jina hujawahi kulisikia. Ukauliza kama si rahisi tu kuhesabu wangapi kati yao wamefika NFL (ligi kuu ya kulipwa), tukajua darasa lipi, yaani kundi lipi la waliosajiliwa mwaka mmoja, lilikuwa la maana. Mdau mmoja akakujibu kwa mstari mmoja: "NFL haidanganyi." Hapo ndipo nimeshindwa kupita kimya.

Nipo Columbus, Ohio, tangu 2009. Huu mchezo nilikuwa siujui kabisa. Nimeufahamu nikiwa nauza chokoleti ya moto kwenye kibanda ndani ya uwanja wa chuo cha Ohio State, Jumamosi kwa Jumamosi, huku nikichungulia mechi kati ya mteja na mteja. Siku za kazi niko ghalani, na huko ghalani kuna mzee mmoja Mmarekani ambaye kabati lake limejaa magazeti ya zamani ya usajili, kila jina limechorwa nyota zake (waorodheshaji humpa kijana wa shule nyota hadi tano kwa ubora) na pembeni ameandika kwa penseli yaliyompata kijana huyo. Yeye ndiye aliyeniambukiza. Na mimi nikanunua daftari, kila darasa ukurasa wake. Kwa hiyo ninachokuandikia hapa kimetoka kwenye hilo daftari, pamoja na makosa niliyoyafanya humo.

Kosa la kwanza ndilo hilohilo la kwako. Nilikuwa natoa alama kwa drafti, ule uchaguzi wa raundi saba ambapo timu za NFL huchukua vijana wa vyuo kwa zamu: aliyechukuliwa raundi ya kwanza alama tano, raundi za kati tatu, asiyechukuliwa sifuri. Ilikwenda vizuri mpaka nilipofika ukurasa wa darasa la 2013 la Ohio State.

Lile darasa ni hatari. Joey Bosa alikwenda drafti ya 2016 akachukuliwa wa tatu, Ezekiel Elliott wa nne, Eli Apple wa kumi, Darron Lee wa ishirini. Mwaka uliofuata akaenda Gareon Conley, na 2018 akaenda Billy Price. Vijana sita wa raundi ya kwanza kutoka usajili wa mwaka mmoja! Huyo Lee shuleni alikuwa kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), hapo New Albany nje kidogo ya mji wetu, nyota tatu tu, chuoni wakamgeuza mlinzi. Price aliletwa kama mlinzi wa mstari wa mbele wakamhamishia upande wa kushambulia, akaanza mechi 55 mfululizo bila kukosa hata moja. Hebu fikiria: miaka minne, mechi 55, kazi yake ni kugongana na watu wenye kilo mia na thelathini.

Sasa chini kabisa ya ukurasa huo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kulikuwa na sifuri mbele ya jina la J.T. Barrett.

Barrett alikuwa kwotabeki kutoka Wichita Falls, Texas. Alifika chuoni goti likiwa limeumia, mwaka wa kwanza hakucheza. Baada ya hapo akashinda mechi 38 akapoteza 6 akiwa ameanza yeye, akachaguliwa nahodha mara tatu, jambo ambalo hakuna mchezaji wa Ohio State aliyewahi kulifanya kabla yake. Michigan, ambao kwa watu wa hapa ni kama Simba kwa mtu wa Yanga, aliwakuta mara nne na mara zote nne wakalala. Drafti ya 2018 ikapita raundi saba nzima bila kumtaja. Mimi nikamwandikia sifuri! Eli Apple aliyecheza misimu miwili akaondoka ana tano, Barrett ana sifuri. Yule mzee aliisoma ile karatasi, akaniangalia, akaniuliza kama huwa naangalia mechi au huwa nahesabu chenji.

Hoja yangu basi ni hii. Drafti inatabiri mtu atafanya nini kesho. Timu ya NFL inanunua urefu, mbio, upana wa mabega na umri. Kocha wa chuo alimsajili yule kijana amshindie mechi za chuo, na hizo ndizo anazopaswa kudaiwa. Ukitaka ushahidi mwingine, mchukue Shemar Stewart wa Texas A&M. Miaka mitatu chuoni, kazi yake kubwa ikiwa ni kumwangusha kwotabeki wa wapinzani, alipata maangusho manne na nusu. Kwa miaka mitatu! Bado Cincinnati, timu ya NFL, walimchukua wa 17 kwenye drafti ya 2025, kwa sababu mwili ule haupatikani dukani. Kwenye daftari la NFL yeye ni ushindi. Muulize shabiki wa A&M.

Nikaufuta ule mfumo, nikaanza upya. Aliyeondoka bila kugusa uwanja, sifuri. Aliyeishia kusugua benchi na kuingia pale tu mpira unapopigwa teke, moja. Mchezaji wa akiba wa kuaminika, mbili. Aliyeanza msimu mmoja, tatu. Misimu miwili au zaidi, nne. Tano naitunza kwa wale ambao timu ingekuwa timu nyingine bila wao. Najumlisha, nagawa kwa idadi ya waliosajiliwa, na sigusi kalamu mpaka mwaka wa tano uishe, maana kijana anaweza kuwekwa akiba mwaka mzima na bado akabakiwa na minne ya kucheza. Ukihukumu mwaka wa pili unakuwa kama mtu anayeonja ubwabwa wakati maji hayajakauka.

Kugawa ni muhimu. Orodha nyingi za Februari zinakusanya pointi, kwa hiyo chuo kilichosajili vijana 25 kinakipita kilichosajili 17 hata kama wale 17 ni wazuri zaidi. Enzi hizo kikomo kilikuwa udhamini wa masomo 85 kwa timu nzima, kwa hiyo kila galasa aliyesajiliwa alikuwa amekalia kiti cha mtu.

Kwa mfumo mpya Barrett akapata tano. Bosa tano, Price tano. Elliott tano bila mjadala: mechi tatu za mwisho za msimu wa 2014 alikimbia yadi 220 dhidi ya Wisconsin, 230 dhidi ya Alabama, 246 dhidi ya Oregon, na kombe likaja hapa. Apple akashuka mpaka nne. Na akapanda mtu ambaye hakuna shabiki aliyemshangilia siku ya kusaini, Cameron Johnston, Mwaustralia, mpigaji wa mateke ya kurudisha mpira mbali. Misimu minne yote kazi ilikuwa yake peke yake. Nyota za usajili hazina macho ya kuona watu kama hawa.

Lakini usije ukanielewa vibaya ukadhani nyota ni uongo. Kuna hoja inazunguka sana humu kwamba "NFL imejaa nyota tatu, kwa hiyo nyota hazina maana." Hesabu ya namna hiyo inapotosha. Nyota tano kwa mwaka ni vijana thelathini na kitu nchi nzima. Nyota tatu ni zaidi ya elfu. Hata mmoja mmoja wakipenya kwa nadra, wale elfu watajaza chumba. Angalia Alabama ya 2017: Tua Tagovailoa, Jerry Jeudy, Henry Ruggs, Jedrick Wills, DeVonta Smith, Najee Harris, Alex Leatherwood, wote walikuja na sifa zao tangu shule na wote wakaishia raundi ya kwanza. Wa nane ni Mac Jones, nyota tatu, aliyekaa nyuma ya wengine mpaka 2020 ndipo akapewa timu na kuibeba bila kufungwa hata mechi moja. Hadithi ya Jones ni tamu kuisimulia, ila ukubwa wa darasa lile ulijengwa na wale saba pamoja naye.

Kinachonisumbua zaidi ni pale darasa zuri linapoharibiwa na mambo yasiyowahusu vijana. Florida walisajili darasa la 2010 ambalo baadhi ya waorodheshaji waliliweka namba moja. Sharrif Floyd, Matt Elam na Dominique Easley walitoka humo, wote raundi ya kwanza. Kocha aliyewasajili, Urban Meyer, akaondoka baada ya msimu mmoja tu. Msimu wa 2012 walikuwa wazuri, mechi 11 wakashinda, mbili wakapoteza. 2013, mwaka ambao waliobaki walipaswa kuwa wakubwa wa timu, wakashinda nne wakapoteza nane, na moja ya hizo nane ni ile ya Georgia Southern, chuo cha daraja la chini, waliokuja nyumbani kwa Florida wakashinda 26 kwa 20 bila kukamilisha pasi hata moja. Na huyohuyo Meyer ndiye aliyelisajili lile darasa la 2013 la hapa kwetu, na safari hii akakaa nalo mpaka likakomaa. Kwa hiyo kabla hujaliita darasa galasa, uliza kwanza kama baba wa nyumba alikuwepo.

Na hata baba akiwepo, siku nyingine mambo yanakataa. Novemba 21, 2015 nilikuwa kibandani. Mvua, upepo, baridi ya kupenya kwenye glavu. Timu iliyokuwa uwanjani miezi mitano baadaye ilitoa wachezaji 12 kwenye drafti moja, watano raundi ya kwanza. Walikuwa wanacheza na Michigan State ambao kwotabeki wao tegemeo alikuwa majeruhi. Elliott akapewa mpira mara 12 tu, yadi 33. Mateke ya mwisho kabisa ya mechi, saa imekwisha, mpira ukapita katikati ya milingoti: 17 kwa 14. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa ameshika vikombe vinne vya chokoleti, hajalipa bado, ameganda anaangalia ubao. Sikumdai. Baada ya mechi Elliott mwenyewe akalalamika hadharani kwamba hakupewa kazi. Ukihesabu NFL, ile ilikuwa moja ya timu bora kuwahi kupita hapa. Haikufika hata fainali ya ligi yake.

Sasa tuje kwenye kinachoniumiza kichwa siku hizi: uhamisho. Tangu 2018 mchezaji anaingiza jina lake kwenye orodha rasmi na chuo chochote kinaweza kumfuata, na tangu 2021 anaweza kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka. Darasa la A&M la 2022 lilivunja rekodi ya ukadiriaji siku linasainiwa. Msimu huohuo wakafungwa nyumbani na Appalachian State 17 kwa 14, wakamaliza na ushindi wa mechi tano, na Novemba 2023 kocha akafukuzwa kwa malipo ya zaidi ya dola milioni 75. Vijana wakatawanyika. Walter Nolen akaenda Ole Miss (chuo cha Mississippi) akang'ara, akachukuliwa wa 16 kwenye drafti, nafasi moja tu mbele ya Stewart aliyebaki. Anayehesabu kwa drafti atawapa A&M sifa kwa wote wawili. Mimi Nolen nampa kwa kile alichofanya akiwa A&M, basi.

Msimamo huu umenigombanisha na watu kwa sababu ya Joe Burrow. Kijana wa Ohio kabisa, darasa la 2015, miaka mitatu Ohio State akarusha pasi 39. Akahamia LSU (chuo cha Louisiana), msimu wa 2019 akarusha pasi 60 za kufunga, kombe, Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa vyuo), na wa kwanza kwenye drafti. Kwenye ukurasa wangu wa 2015 ana alama moja. Rafiki yangu mmoja wa Lubumbashi hakunisalimia wiki nzima. Lakini ule ukurasa haupimi jicho la aliyemwona Burrow, unapima timu ilipata nini.

Ukitaka kuanza daftari lako, anza na darasa la 2021 la hapa, limeshatimiza miaka. Juu kabisa niliandika Quinn Ewers, kwotabeki aliyekuja na ukadiriaji usio na kasoro, na Jack Sawyer wa Pickerington, nyota tano, mtoto wa jirani. Walipangiwa chumba kimoja. Ewers aliingia uwanjani kwa mianzisho miwili tu ya mpira, wala si mechi mbili, akaondoka kwenda Texas. Kwangu hiyo ni sawa na kutogusa uwanja. Sifuri. Sawyer akakaa miaka minne.

Januari 10, 2025, nusu fainali, Ohio State na Texas. Tunaongoza kwa mguso mmoja (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja), Texas wako mlangoni kwetu, Ewers anarudi nyuma kurusha. Anayempiga ni Sawyer. Mpira ukamtoka Ewers, Sawyer akaudaka akakimbia nao yadi 83 mpaka mwisho. 28 kwa 14, na siku kumi baadaye ubingwa. Miezi mitatu ikapita, drafti ikamwacha Sawyer mpaka raundi ya nne. Kwangu ana tano.

Lakini nirudi nyuma: Jumatatu baada ya nusu fainali ile, ghalani, yule mzee aliomba daftari, akafungua 2021, akaweka kidole kwenye ile sifuri ya Ewers. Akasema mpira wa ule mguso si ni Ewers aliyemkabidhi Sawyer, sasa huyu kijana ametuletea fainali, sifuri inatoka wapi? Nikampa nusu. Kwa penseli.