Maswali na Majibu: "Tukisema ni hadithi ya kubuni, tuko salama?"

SWALI: Shikamoo wakili. Sisi ni kikundi cha maigizo hapa Likoni. Mchezo wetu unamhusu mheshimiwa aliyejitwalia viwanja vya ufuoni. Tumemgeuza sultani wa nchi isiyokuwepo, na mwanzoni tutatangaza kuwa hadithi haimhusu mtu yeyote. Baadaye tutaurekodi tuuweke YouTube. Kuna bwana anataka shilingi 15,000 atutolee barua ya ruhusa. Tumejikinga?

JIBU: Marahaba. Hamjajikinga. Hilo tangazo la "hadithi ya kubuni" naletewa kila mara kama hirizi, nami nimechoka nalo.

Kwenye kesi ya kashfa, jina la sultani si hoja. Hoja ni kama wanaomjua mheshimiwa watamtambua. Likoni nzima itamtambua, na isipomtambua basi mchezo wenu hauna maana. Fumbo tunalijua Mombasa tangu enzi za mshairi Muyaka, na anayepigwa fumbo ndiye hulifumbua kwanza. Kinga yenu ni ukweli unaothibitika: pateni rekodi za viwanja hivyo ofisi ya ardhi, na sultani asitende wizi ambao hamna karatasi yake.

Kuna wanaonitajia mshairi Abdilatif Abdalla, kana kwamba ushairi ulimwepusha na jela. Alifungwa 1969 hadi 1972 kwa waraka wa wazi kabisa, Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika humo gerezani, kwenye karatasi za chooni. Kosa la uchochezi dhidi ya serikali lilifutwa 1997. Leo Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda ubunifu wa kisanaa waziwazi, ila si kuchochea vurugu wala chuki. Shikeni hicho, usultani muuache uwachekeshe watazamaji.

Kurekodi ni habari nyingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu ya kuonyeshwa umma. Ombeni wenyewe kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, mlipe huko huko, mpewe risiti. Huyo bwana wa 15,000 ni tapeli. Mji umejaa watu wa namna yake, wenye mihuri mfukoni, na wasanii wanawalisha kwa sababu wanaogopa kaunta ya serikali. Polisi wakija, simu yake itakuwa imezimwa, nanyi mtaulizwa hati bandia mmeipata wapi.

Hata karatasi halali haimzuii askari aliyetumwa. Aprili 2025 mahakama ilikuwa imeruhusu wasichana wa shule ya Butere waigize mchezo wao, Echoes of War; Nakuru wakapigwa vitoa machozi. Kwa hiyo mkizuiwa, daini sababu kwa maandishi, andikeni jina la afisa na kituo chake, mmoja wenu arekodi. Filamu ya Rafiki ilipopigwa marufuku 2018, uamuzi ulikuwepo wa kupingwa kortini, nayo ikapata siku 7 za kuonyeshwa. Vikundi vingi vinavyonijia vilifunga jukwaa kwa simu tu ya mkubwa fulani, na nikiuliza ni nani aliyepiga, hawajui.